Vipokezi Vinavyofungamana na Protini G katika Afya na Maradhi: Mifano ya Pumu, Kipindupindu na Malaria ya Vivax

Utangulizi

Mtu anaposhtuka, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Kwa muda wa sekunde chache moyo huenda mbio, njia za hewa hupanuka na ini huachilia sukari. Mabadiliko yote hayo hutokea ndani ya seli, ilhali adrenalini yenyewe hubaki nje, kwa kuwa utando wa mafuta unaoizunguka kila seli hauipitishi kirahisi. Amri inavukaje utando ikiwa mjumbe amebaki nje? Swali hili liliwashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1905 John Newport Langley wa Chuo Kikuu cha Cambridge alipendekeza kwamba katika misuli kuna kitu maalumu kinachopokea dawa, lakini kwa miongo mingi wenzake waliendelea kushuku iwapo kitu hicho kipo kweli au ni jina tu la kuficha kutojua. Picha kamili ya kipokezi cha adrenalini kikiwa kimeshikana na mwenzake wa ndani ya seli ilipatikana mwaka 2011, na mwaka uliofuata Robert Lefkowitz na Brian Kobilka walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia.

Familia ya protini inayofanya kazi hiyo hujulikana kama vipokezi vinavyofungamana na protini G, na kwa kifupi cha kimataifa huitwa GPCR. Jenomu ya binadamu ina jeni zipatazo 800 za familia hii, na karibu nusu yake zinahusika na harufu peke yake. Uhakiki uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba takribani asilimia 34 ya dawa zote zilizoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani hufanya kazi kupitia vipokezi hivi. Kwa maneno mengine, mgonjwa anayepewa dawa ya pumu, ya shinikizo la damu, ya vidonda vya tumbo au ya maumivu makali baada ya upasuaji, mara nyingi anapewa kitu kinachobisha katika mlango wa aina moja.

Maandishi mengi juu ya mada hii huorodhesha kipokezi kimoja baada ya kingine pamoja na ugonjwa wake. Orodha ya namna hiyo ina faida kwa mtahiniwa, lakini haimwonyeshi msomaji ni wapi hasa mfumo unaharibika. Makala haya yanachagua mifano mitatu ambayo inagusa sehemu tatu tofauti za mfumo. Katika pumu, kipokezi ni kizima lakini kimechoshwa. Katika kipindupindu, kipokezi hakina kosa lolote, bali protini iliyo nyuma yake imetekwa. Katika malaria ya vivax, kuna kipokezi ambacho umbo lake ni la familia hii lakini kimeacha kazi ya familia, na kutokuwepo kwake kumewaacha watu wengi wa Afrika na urithi wenye manufaa na gharama kwa pamoja.

Suala la istilahi

Kabla ya kuendelea ni vyema kueleza uteuzi wa maneno. Neno kipokezi limekubalika katika maandishi ya Kiswahili ya sayansi, na makala haya yanalitumia. Hata hivyo, neno hilo lina upungufu mmoja: linatia wazo la chombo kinachokaa tu kungoja, mithili ya bakuli. Kipokezi kinachojadiliwa hapa hakikai tu. Kinapoguswa na homoni hugeuka umbo, na kugeuka huko ndiko ujumbe wenyewe.

Msomaji anayezijua nyumba za mwambao anaweza kusaidiwa na mfano wa baraza. Mgeni hupiga hodi, hupokewa barazani, na habari yake huchukuliwa ndani na mtu wa nyumba. Mgeni mwenyewe havuki ukumbi. Homoni ni mgeni huyo, kipokezi ni baraza pamoja na aliyeketi hapo, na protini G ndiyo inayobeba habari hadi ndani. Mfano huu unafaa mpaka mahali fulani tu. Baraza halibadiliki umbo kwa sababu ya mgeni, na vipokezi vingine huendelea kunong'ona habari ndani hata pale ambapo hakuna aliyebisha. Dawa nazo zimegawanyika kwa mujibu wa hali hizo: kuna kiamshi, ambacho hukigeuza kipokezi kama homoni inavyofanya, kuna kizuizi, ambacho hukaa mahali pa homoni bila kukigeuza, na kuna kinyamazishi, ambacho hushusha hata mnong'ono wa kawaida. Istilahi hizi tatu zinapendekezwa hapa kwa sababu kamusi zilizopo hazitofautishi vya kutosha kati ya ya pili na ya tatu.

Muundo na utendaji

Kila kipokezi cha familia hii ni mnyororo mmoja wa asidi amino unaopita katika utando mara saba, kama uzi unaoshona kitambaa kwenda na kurudi. Kipokezi cha adrenalini cha aina ya beta-2, kwa mfano, kina asidi amino 413. Mwanzo wa mnyororo huning'inia nje ya seli na mwisho wake huwa ndani. Sehemu saba zinazopita katika utando hujipanga kwa duara na kuacha mfuko ambamo homoni hutua.

Upande wa ndani hungoja protini G, yenye vipande vitatu vinavyoitwa alfa, beta na gama. Wakati wa utulivu kipande cha alfa hushikilia molekuli ya GDP. Kipokezi kinapogeuka, kipande hicho huiachia GDP na kuchukua GTP, ambayo ina fosfati moja zaidi. Badiliko hilo dogo hukifanya kiachane na wenzake na kwenda kuamsha kimeng'enya kilicho jirani. Baada ya muda mfupi kipande cha alfa chenyewe hukata fosfati ile ya ziada, hurudi katika hali ya GDP na kazi hukoma. Jambo hili la mwisho linastahili kutiliwa mkazo, kwani ndipo kipindupindu kinapoingilia. Protini G ni swichi inayojizima yenyewe, na usalama wa seli unategemea zaidi kule kujizima kuliko kule kuwaka. Ugunduzi wa protini hizi uliwapatia Alfred Gilman na Martin Rodbell Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1994.

Ziko aina kadhaa za kipande cha alfa. Aina ya Gs huamsha kimeng'enya kinachotengeneza AMP ya mduara, mjumbe wa pili aliyegunduliwa na Earl Sutherland. Aina ya Gi hukizuia kimeng'enya hichohicho. Aina ya Gq hufungulia kalisi kutoka katika ghala za ndani ya seli. Wanafunzi wengi hudhani kwamba ujumbe mmoja lazima ulete tokeo moja. Sivyo. AMP ya mduara ikiongezeka katika misuli ya moyo, misuli hiyo hukaza kwa nguvu zaidi. Ikiongezeka katika misuli laini ya njia za hewa, misuli hiyo hulegea. Tofauti haitokani na mjumbe bali na vimeng'enya na protini ambazo kila seli imejiwekea ndani. Raymond Ahlquist aliona mwaka 1948 kwamba vipokezi vya adrenalini viko vya namna mbili, alfa na beta, naye aliligundua hilo kwa kupima tu jinsi viungo mbalimbali vinavyoitikia, bila kuwa na njia yoyote ya kukiona kipokezi.

Pumu, moyo na tatizo la kubisha kupita kiasi

Katika shambulio la pumu, njia za hewa hubanwa na misuli yake, ukuta wake wa ndani huvimba na makohozi huziba nafasi iliyobaki. Salbutamoli, iliyoanza kutumika mwaka 1969, huamsha kipokezi cha beta-2, huongeza AMP ya mduara na kulegeza misuli kwa dakika chache. Mgonjwa aliyekuwa akihema kwa taabu huweza kuzungumza tena. Ni vigumu kumshawishi mtu aliyeokolewa namna hiyo kwamba dawa iliyomwokoa haitoshi.

Ushahidi kwamba haitoshi ulianza mapema. Katika miaka ya 1960, vifo vya pumu viliongezeka ghafla nchini Uingereza, New Zealand na nchi nyingine kadhaa, na ongezeko hilo lilihusishwa na inhela za isoprenalini zenye kipimo kikubwa. Isoprenalini huamsha vipokezi vya beta vya mapafu na vya moyo bila kubagua. Matumizi yake yalipopungua, vifo navyo vilipungua. Mjadala wa chanzo hasa cha vifo hivyo uliendelea kwa miaka mingi, iwapo ni moyo kulemewa au ni wagonjwa kuchelewa kufika hospitali kwa kuwa nafuu ya muda iliwadanganya. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, sababu hizo mbili hazipingani.

Baiolojia ya kipokezi inaeleza sehemu ya tatizo. Kipokezi kinapoamshwa mfululizo, vimeng'enya maalumu hukibandika fosfati katika mkia wake wa ndani. Alama hizo huvuta protini iitwayo arestini, ambayo huziba mahali pa protini G na kisha hukivuta kipokezi kiingie ndani ya seli. Vingine hurudishwa juu ya utando baadaye, vingine huvunjwavunjwa. Matokeo ni kwamba seli iliyobishiwa hodi mchana kutwa huondoa baraza lake. Mgonjwa anayetumia salbutamoli mara nyingi kwa siku hukuta kinga yake dhidi ya mibano mipya inapungua, huku uvimbe, ambao dawa hiyo haiugusi kabisa, ukiendelea kukua. Dawa za jamii ya kotikosteroidi za kuvuta hutuliza uvimbe na pia huiongezea seli utengenezaji wa vipokezi vya beta-2, na kwa hiyo dawa hizo mbili hufaana kuliko inavyodhaniwa.

Ndiyo maana mwaka 2019 mpango wa kimataifa wa pumu unaojulikana kama GINA uliacha kupendekeza kwamba watu wazima na vijana watibiwe kwa salbutamoli peke yake, hata wale wenye pumu nyepesi. Inhela inayochanganya budesonidi na formoteroli imo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kuwamo katika orodha na kuwamo katika rafu ya duka la dawa ni mambo mawili tofauti, na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki inhela ya salbutamoli ndiyo ambayo mgonjwa huimudu. Mtafiti anayechunguza matibabu ya pumu katika eneo letu hana budi kuanzia hapo, si katika mwongozo.

Moyo unatoa upande wa pili wa hoja hiyohiyo, na pengine ndio mfano ulio mzuri zaidi. James Black alitengeneza propranololi katika miaka ya 1960 ili kuzuia vipokezi vya beta, akawasaidia wagonjwa wenye maumivu ya kifua. Kwa muda mrefu dawa za aina hiyo zilikatazwa kwa mgonjwa ambaye moyo wake umedhoofika, kwa hoja iliyoonekana kuwa wazi: moyo dhaifu unahitaji kuchochewa, na kumnyima adrenalini ni kumwua. Mwaka 1975 madaktari wa Gothenburg nchini Sweden, akiwemo Finn Waagstein, walichapisha taarifa ya wagonjwa wachache waliopata nafuu kwa dawa hizo. Wengi hawakuamini. Mwaka 1982 ilionyeshwa kwamba misuli ya moyo ulioshindwa kazi imepoteza karibu nusu ya vipokezi vyake vya beta, kwa sababu mwili ulikuwa umeuchochea bila kupumzika. Hatimaye mwaka 1999 majaribio mawili makubwa, CIBIS-II na MERIT-HF, yalionyesha kwamba vizuizi vya beta vilipunguza vifo vya wagonjwa wa namna hiyo kwa takribani theluthi moja. Dawa iliyokuwa haramu ikawa nguzo ya tiba. Kilichobadilika ni uelewa wa kwamba idadi ya vipokezi haijatulia, na kwamba kelele isiyokoma humfanya msikilizaji awe kiziwi.

Kipindupindu: swichi iliyokwama

Kipindupindu kiliufikia mwambao wa Afrika Mashariki mara kadhaa katika karne ya 19. James Christie, tabibu aliyefanya kazi Zanzibar, alishuhudia mlipuko wa miaka ya 1869 na 1870 na kuandika kitabu juu ya magonjwa hayo kilichotoka mwaka 1876. Wakati huo chanzo chake kilikuwa bado kinabishaniwa. Robert Koch alikitambua kijidudu chake katika miaka ya 1883 na 1884, lakini sumu yenyewe haikuthibitishwa hadi mwaka 1959, pale Sambhu Nath De wa Calcutta alipoonyesha kwamba kimiminika ambamo vijidudu vimeoteshwa, kikishachujwa vijidudu vyote, kinatosha kuujaza maji utumbo wa sungura.

Sumu hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni vipande vitano vinavyoshika mafuta maalumu juu ya seli za utumbo mwembamba. Ya pili ni kimeng'enya kinachoingia ndani na kubandika kipande cha kemikali juu ya asidi amino moja tu, ajinini ya nafasi ya 201 katika kipande cha alfa cha Gs. Ajinini hiyo ndiyo inayosaidia kukata fosfati ya GTP. Ikishafungwa, swichi haijizimi. Kimeng'enya cha AMP ya mduara hufanya kazi bila kikomo, mlango wa kloridi wa seli hubaki wazi, na chumvi hutoka ikifuatwa na maji. Mgonjwa wa hali mbaya anaweza kupoteza maji yanayofikia lita moja kwa saa. Hakuna homoni iliyobisha na hakuna kipokezi kilichoitika. Amri inatolewa ndani ya nyumba na mvamizi aliyekaa kwenye kiti cha mjumbe.

Kinachofaa kukumbukwa ni kwamba ajinini hiyohiyo ya 201 ikibadilika kwa kosa la jeni katika baadhi ya seli za kiinitete, mtoto huzaliwa na ugonjwa wa McCune-Albright, wenye mifupa dhaifu, madoa ya rangi ya kahawa katika ngozi na balehe ya mapema mno. Bakteria na kosa la jeni wamekutana katika nafasi moja ya protini moja. Kifaduro nacho hufanya hila iliyo karibu na hiyo kwa njia ya kinyume: sumu yake huizuia Gi isisikie kipokezi, na hivyo breki ya kimeng'enya hupotea.

Tiba ya kipindupindu haikungoja maarifa haya, wala haiiondoi sumu. Ukuta wa utumbo una protini nyingine inayoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja, na sumu haiigusi. Mchanganyiko wa chumvi na sukari kwa uwiano unaofaa hupita katika mlango huo na kuyavuta maji yarudi mwilini. Katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon mwaka 1971, Dilip Mahalanabis na wenzake walipokosa maji ya kutosha ya kutundikia mishipani, waliwapa wagonjwa mchanganyiko huo wanywe, na vifo vikashuka kutoka takribani asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Kiwango kinachopendekezwa sasa na Shirika la Afya Duniani ni milimoli 75 za sodiamu na milimoli 75 za glukosi kwa lita. Swichi iliyokwama haifunguliwi. Seli za utumbo hung'oka na kuzaliwa upya kila baada ya siku chache, na kazi ya tiba ni kumfikisha mgonjwa kwenye siku hizo akiwa hai.

Afyuni na metadoni kwa ufupi

Kipokezi cha mu, ambacho heroini na morfini hutenda kupitia kwacho, hutumia Gi. Uzoefu wa dawa hizo unatokana kwa sehemu na mchakato uleule wa fosfati na arestini ulioelezwa katika pumu, na kuzidisha kipimo huua kwa sababu vipokezi hivyo vimo pia katika sehemu ya ubongo inayoongoza upumuaji. Nalokisoni, ambayo ni kizuizi, huweza kumrudishia mtu pumzi kwa dakika chache. Metadoni ni kiamshi kama heroini, ila hutenda polepole na kwa muda mrefu, hivyo humwepusha mtumiaji na kupanda na kushuka kwa kila siku. Huduma hiyo ilianza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011. Wanaoilaumu kuwa inabadilisha ulevi mmoja kwa mwingine wanatazama jina la kipokezi na kusahau mwendo wa dawa.

Kipokezi kilichoacha kazi ya ukoo

Mwaka 1950 watafiti wa London walieleza alama mpya ya damu iliyogunduliwa kupitia kingamwili za mgonjwa wa hemofilia aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi. Alama hiyo iliitwa Duffy. Miaka mitano baadaye ilibainika kwamba Wamarekani weusi wengi hawana alama hiyo kabisa katika chembe zao nyekundu, na baadaye ikathibitika kuwa hali hiyo ndiyo ya kawaida katika sehemu kubwa ya Afrika Magharibi, ya Kati na ya Mashariki, ambako mara nyingi zaidi ya asilimia 90 ya watu hawana alama hiyo.

Louis Miller na wenzake waliunganisha jambo hili na malaria. Mwaka 1976 walionyesha kwamba watu waliojitolea kuumwa na mbu wenye Plasmodium vivax hawakuambukizwa ikiwa hawakuwa na Duffy. Kimelea hicho hutumia Duffy kama mpini wa kushikia chembe nyekundu changa kabla ya kuingia. Mpini ukikosekana, mlango haufunguki. Plasmodium falciparum, inayosababisha vifo vingi zaidi katika eneo letu, ina njia nyingine za kuingia na haijali.

Duffy ni nini basi? Mwaka 1993 ilionekana kwamba ni kipokezi cha kemokini, yaani protini ndogo zinazoziita chembe nyeupe za damu mahali penye uvimbe. Kinapita katika utando mara saba kama ndugu zake. Lakini hakina mfuatano wa asidi amino tatu (asidi ya aspati, ajinini na tairosini) uliopo mwishoni mwa sehemu ya tatu ya ndugu wengi wa familia, ambao ni muhimu katika kuiamsha protini G. Kwa hiyo hushika kemokini, huziondoa damuni au huzisafirisha, lakini hakipeleki habari ndani. Leo kinaitwa kipokezi kisicho cha kawaida cha kemokini, ACKR1. Kukiweka katika makala ya vipokezi vya protini G kunaweza kupingwa na mtahini makini. Utetezi ni kwamba asili yake, umbo lake na wateja wake ni wa familia hii, na kwamba kukikataa kwa sababu hakitumi ishara ni kuipa familia jina la kazi moja kati ya kazi zake.

Mwaka 1995 chanzo cha kukosekana kwake kilipatikana: herufi moja ya DNA imebadilika katika eneo linalotangulia jeni, mahali ambapo protini iitwayo GATA-1 hutua ili kuiwasha jeni katika seli zinazozaa chembe nyekundu. Protini yenyewe haina kosa lolote. Kuta za mishipa midogo ya damu, ambazo hazitegemei GATA-1, huendelea kuitengeneza kama kawaida. Mtu asiye na Duffy ni mtu asiye nayo katika ukoo wa chembe nyekundu tu, na tofauti hii hupotea mara nyingi katika maelezo ya darasani.

Kinga hiyo si ukuta usiopenyeka. Mwaka 2006 watafiti walitoa ushahidi wa maambukizi ya vivax miongoni mwa watu wasio na Duffy magharibi mwa Kenya, na mwaka 2010 wengine waliripoti wagonjwa wa namna hiyo nchini Madagaska. Iwapo kimelea kinajifunza mpini mwingine, ramani za malaria ambazo zimeiacha vivax nje ya sehemu kubwa ya bara hili zitahitaji kuchorwa upya. Vipimo vya haraka vinavyotafuta falciparum peke yake haviwezi kuonyesha kisichotafutwa.

Upande wa gharama uligunduliwa kwa kuchelewa. Mwaka 2009 uchunguzi wa jeni za Wamarekani wenye asili ya Afrika ulionyesha kwamba badiliko hilohilo la Duffy ndilo sababu kuu ya wao kuwa na nyutrofili chache zaidi katika damu. Nyutrofili ni chembe nyeupe zinazotangulia kupambana na bakteria. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba ACKR1 iliyo juu ya seli changa za chembe nyekundu katika uboho huathiri namna chembe nyeupe zinavyotengenezwa humo. Watu hawa hawaugui zaidi kwa sababu ya uchache huo. Uboho wao ni mzima.

Lakini maabara huita upungufu kiwango chochote kilicho chini ya nyutrofili 1,500 kwa kila mikrolita, na mpaka huo ulitokana na damu za watu ambao wengi wao wana asili ya Ulaya. Mtu mzima kabisa mwenye nyutrofili 1,300 huandikiwa kuwa ana kasoro. Akiwa na saratani, kipimo cha dawa yake kinaweza kupunguzwa au kuahirishwa. Akitaka kushiriki katika jaribio la dawa mpya, anaweza kukataliwa mlangoni, na jaribio hilo likamalizika bila watu wa kwao kuwamo. Akiwa na skizofrenia sugu, anaweza kunyimwa klozapini, dawa ambayo mara nyingi husaidia pale nyingine ziliposhindwa, kwa kuwa nayo hufuatiliwa kwa hesabu ya nyutrofili. Mwaka 2015 mamlaka ya Marekani ilikubali mpaka wa chini zaidi wa klozapini kwa watu wenye hali hiyo, ikiiita upungufu wa kikabila usio na madhara. Jina hilo halifai kwa mambo mawili: si upungufu, na chanzo chake si kabila bali ni herufi moja ya DNA ambayo mtu wa kabila lolote anaweza kuwa nayo au kuikosa. Kipimo cha kuitambua Duffy ni cha kundi la damu, cha aina ambayo maabara za utoaji damu zimezoea kuifanya. Pale ambapo watu tisa kati ya kumi hawana Duffy, hata kipimo hicho si cha lazima kwanza; kinachohitajika ni maabara kuandika katika fomu zake mpaka uliopatikana kwa kupima damu za watu wazima wa mahali hapo.